Bomba la maji la mama lilivyokwama uani kwa Bi Tatu, Chemchem Tabora

Wakuu, habari za jioni. Na kina dada mliomo humu nawasalimu pia, maana sisi tunasahauliwa kwenye kila uzi.

Ninachoandika kilitokea nyumbani kwetu, mbele ya macho yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile vile. Chumvi sijaongeza, ilikuwamo tayari.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Nzega. Kuzaliwa na kukulia ni Tabora mjini, Chemchem. Naandika nikiwa dukani kwangu, kwa hiyo nikikatika katikati mjue nimepata mteja, msianze kunitukana.

Twende.

Mama yetu ni mjane. Anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, ua kwa nyuma na banda la jiko. Watoto tuliobaki ni wawili: mimi, na mdogo wangu Hamisi ambaye anafanya biashara Mwanza.

Nyumba ile haikuwa na maji. Tangu maji ya ziwa yafike mjini, karibu kila nyumba ya mtaa wetu imevuta, ila mama alikuwa bado anachota kwa watu. Anachukua kindoo chake mpaka nyumba ya kona kule chini, anachota, anarudi huku akipumzika kwenye kila baraza.

Siku moja akateleza kwenye mtaro. Ndoo ikaenda huku, yeye akaenda kule. Nyonga ikaumia, akalala kitandani muda mrefu, na alipoamka akawa mtu wa kutembea na mkongojo.

Hamisi akaja mbio. Huyu mdogo wangu anampenda sana mama, hilo simnyimi, ila akishaamua jambo hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Akasema mama anahamia Mwanza. Chumba kipo, choo cha ndani kipo, dada wa kazi yupo.

Mama akasema haendi.

Hamisi akasema anakwenda.

Nikaona hapa patachafuka, nikaingia kati. Nikasema tatizo ni maji. Je, nikivuta maji mpaka uani, mama abaki?

Hamisi akafikiri, akasema, "Sawa dada. Ila Ramadhani isimkute hana maji. Nakuja Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo. Nikikuta koki inatoa maji, nageuza gari. Nikikuta ndoo, nambeba."

Kumbe mama anasikiliza kutoka chumbani. Akapaza sauti, "Unibebe mimi gunia la mpunga?"

Basi hayo ndiyo yakawa makubaliano. Maji uani, au Mwanza.

Sasa hapa ndipo ujinga wetu wa kwanza ulipoanzia. Nasema wetu kwa heshima tu, ujinga ulikuwa wa mama.

Hata sijapeleka maombi kwa watu wa maji, mama akaniambia yeye anajua bomba kubwa linapita wapi. Linapita uchochoroni, nyuma ya banda la jiko. Alikuwepo wakati wanaume wa mtaa wanachimba mtaro wake kwa kujitolea, yeye na wenzake ndio waliowapikia uji. Nikamwamini. Mtu aliyepika uji wa wachimbaji utamwambiaje hajui mtaro ulipo?

Nikatafuta vibarua, wakachimba. Na kweli, wakakuta bomba. La chuma, nene, limeliwa na kutu. Mama akapiga kigelegele, mimi nikaanza kumtumia Hamisi picha za kumringishia.

Akaja surveyor wa maji, kijana mpole mwenye kofia. Akachungulia shimoni, akaokota jiwe, akaligonga lile bomba. Likalia kama debe tupu.

"Mama, hili limekufa siku nyingi," akasema. "Walipoweka mabomba mapya ya plastiki hili waliliacha humu humu ardhini."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama yeye hakuona aibu. Alisogea pembeni ya shimo, akanyoosha mkongojo, akaligusa lile bomba taratibu.

Nilimwelewa, maana bomba lile ndilo lililokuwa linaleta maji kwenye bomba la mtaa, na pale napakumbuka.

Waliokulia mitaa ya zamani watanielewa. Kabla ya kila nyumba kuwa na koki yake, sisi tulikuwa na bomba moja la mtaa. Maji yalikuwa yanatoka alfajiri kwa muda mfupi, na hakuna aliyejua kama ni leo au ni kesho. Foleni ilipangwa kwa mawe. Kila nyumba na jiwe lake, na ole wako usogeze jiwe la mtu.

Nilikuwa naburutwa huko nikiwa na usingizi. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasikia treni inapiga honi stesheni, nasikia kina mama wanacheka. Hivi walikuwa wanacheka nini, alfajiri yote ile, baridi, na maji hayapo? Mpaka leo sijapata jibu.

Nilikuwa nasinzia mapajani kwa mama, na zamu ya mama ikifika nahamishiwa mapajani kwa Bi Tatu. Kanga yake ilinukia moshi na karafuu. Nikiamka nilikuwa sijui niko kwa nani, na wala sikujali.

Nimewamiss watu wale, wakuu. Naandika hapa mteja akiingia atanikuta namlilia juu ya suruali yake.

Sasa nimemtaja Bi Tatu, ngoja nimwelezee, maana bila yeye uzi huu hauna kichwa.

Bi Tatu ni jirani yetu, nyumba yake iko mbele, barabarani, ya mama iko nyuma yake, ukuta mmoja katikati. Yeye na mama waliolewa mtaani pale kipindi kimoja, wakawa mashoga wa kufa na kuzikana. Walikuwa wakivaa sare hata siku isiyo na sherehe. Mimi nilikuwa namwita mama mdogo.

Na Bi Tatu ndiye alikuwa mpishi wa pilau wa mtaa. Hakuna harusi, maulidi wala hitima iliyopita Chemchem bila sufuria lake.

Ikaja harusi yangu. Hamisi ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzishika pesa, akataka dada yake aolewe kisasa. Akaleta watu wa catering, wamevaa vitambaa vyeupe vichwani, na vyombo vinavyong'aa vyenye moto chini yake. Pilau lenyewe lilikuwa kavu, nalisema hadharani mpaka kesho.

Bi Tatu alikuwa ameshasugua sufuria lake na kukaa barazani kungoja aitwe. Hakuitwa. Mama naye alikuwa akingoja shoga yake aje, akaona haji, akasema basi, kumbe amenisusia harusi ya mwanangu.

Kila mmoja akamngoja mwenzake aje kuomba radhi. Wakangoja mpaka watoto wangu wakaanza shule.

Mama aliacha hata kumtaja jina. Alikuwa akimwita "yule wa mbele". Na Bi Tatu alikuwa na koki uani kwake, upande wa pili wa ukuta wetu. Mama alikuwa anasikia ndoo za mwenzake zikijaa, na bado anakwenda kuchota nyumba ya kona. Akaangukia huko.

Sasa surveyor alipomaliza kutucheka kwa adabu, akatoka mpaka barabarani, akapima, akarudi na jibu. Bomba kubwa lililo hai linapita barabarani, mbele ya nyumba ya Bi Tatu. Tawi la kwenda kwa mama halina njia nyingine, lazima lipite kwenye ua wa Bi Tatu, kando ya ukuta, mpaka kwetu.

Nilimwangalia mama. Mama akaangalia mbinguni.

(Kuna mkuu ameuliza hapo chini kwa nini tusingepitishia uchochoroni. Mkuu, ule uchochoro siku hizi umezibwa na misingi ya watu, hautokei popote. Soma taratibu.)

Nilikwenda mwenyewe kwa Bi Tatu. Nikapiga shikamoo, akaitika marahaba vizuri sana, akaniuliza watoto, akanipa na chai ya mchaichai. Nilipotaja bomba akasema, "Mwanangu, ua wangu nimeupanda mboga." Nikamwomba mjumbe wa mtaa aende. Mjumbe akarudi anatabasamu: "Amesema mafundi wakija, tutazungumza."

Watu wa Tabora mnajua "tutazungumza" ya kwetu. Hiyo ni hapana iliyovaa kanzu.

Lakini nilikuwa sina la kufanya. Nikaomba ruhusa kwa mume wangu, nikafunga duka, nikahamia Chemchem kungoja. Siku zikawa zinakwenda, mafundi hawaji. Walikuja Alhamisi. Jumamosi yake ndiyo ya Hamisi.

Walikuwa wawili. Mmoja dereva, mnene, mtu wa kukaa kivulini. Mwingine ndiye fundi mwenyewe, nimwite Ndahani. Huyu bwana alikuwa na mdomo, wakuu. Alishuka kwenye gari anaongea na aliondoka anaongea. Kila kitu alikuwa anajisifia, hata namna alivyofunga kamba za viatu.

Wakachimba shimo barabarani mpaka wakalifikia bomba kubwa, hilo la plastiki. Ndahani akajifuta jasho, akaenda kugonga geti la Bi Tatu ili mtaro uingie ndani.

Bi Tatu akatoka, kanga kifuani, mikono kiunoni.

"Hapa hapapiti kitu."

"Mama, ni mtaro mwembamba tu. Tutafukia, hutajua kama tulipita."

"Nimesema hapapiti."

Ndahani akageuka kuniangalia. Akasema kama hamjaelewana sisi tunafunga kazi, tuna wateja wengine Isikizya wanatusubiri, na nyie mtapangiwa upya. Nikamuuliza kupangiwa upya ni lini. Akasema baada ya mfungo, labda.

 Akilini nilimwona mama kwenye kiti cha mbele cha gari la Hamisi, amekumbatia mkongojo wake, anapandishwa vile vilima vya Mwanza. Nikakaa chini kwenye rundo la udongo. Machozi yakanitoka bila kupenda.

Ndahani alianza kukusanya vifaa. Kwa mazoea tu, anaaga, akamwambia Bi Tatu, "Haya mama, mbukwenyi."

Bi Tatu alikuwa ameshageuza mgongo. Akasimama.

"Ulisemaje?"

"Nimeaga, mama. Kikwetu."

"Wewe Mgogo?"

"Mgogo wa Mpwapwa kabisa."

"Kumbe ndiyo maana unanuka shida! Mimi Mnyamwezi wa Uyui. Mtani wangu unakuja kunichimbia nyumba yangu bila hodi?"

Kwa wale wageni wa mambo haya: Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo, nchi kavu, maji ya shida. Kila penye kisima Mgogo alikuwa anadai hongo ndipo msafara unywe. Waligombana, wakazoeana, ukazaliwa utani. Na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu yako hana. Anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako. Anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka mmridhishe. Na wewe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa.

Ndahani akatupa spana chini. Nilimwona macho yanavyomwaka. Yule bwana hakuongea neno, akaingia kwenye lile shimo la barabarani, akalala chali, akajifunika uso kwa kile kikoti chake cha kung'aa. Shimo lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje.

"Nimekufa!" akapiga kelele kutoka mle ndani. "Mnyamwezi kaniua! Kaninyima njia ya maji, nimekufa kwa kiu!"

Dereva, ambaye tangu asubuhi hakuinua hata koleo, akashuka garini anaangua kilio. "Uuuwiii! Ndugu yangu kauawa na wabeba mizigo!"

Watu wakaanza kutoka majumbani. Mama lishe wa kona akaja na mwiko mkononi. Mjumbe akaja. Mtaa mzima ukajaa pale, na kila mtu anamwangalia Bi Tatu, maana mtani akishajifia mlangoni kwako huwezi kufunga geti ukaingia kulala.

Bi Tatu akaingia ndani. Nikajua yamekwisha.

Akatoka na ungo wa majivu. Akaenda mpaka shimoni, akammwagia yule marehemu kuanzia kifuani hadi kwenye viatu.

"Mzikeni! Huyu kafa na njaa aliyotoka nayo kwao."

Marehemu akapiga chafya. "Njaa tumeizoea! Babu zako walipita kwetu ndimi nje, tukawapa maji. Leo mjukuu wao ananinyima mtaro!"

"Mliwapa? Mliwatoza! Kila kisima hongo, shanga hongo, nguo hongo! Leo zamu yangu. Unataka kupita kwangu na maji, toa hongo."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

"Taja hongo," akasema Ndahani. "Sifufuki mpaka uitaje."

Bi Tatu akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amemwona mama.

Mama alikuwa ametoka kwa njia ya mzunguko, peke yake, na mkongojo wake, amefuata zile kelele. Alikuwa amesimama nyuma ya watu. Watu wakaanza kupisha mmoja mmoja, na kicheko kikapungua, mpaka wakawa wanaangaliana wao wawili na shimo katikati.

"Hongo yangu ni yule pale," Bi Tatu akasema, sauti imebadilika. "Mwenye haja ya maji ni yeye. Aje aseme mwenyewe. Miaka yote hii mimi napokea wajumbe tu."

 Namjua mama yangu. Mama ni mtu wa kukaa na kiu na kisima kiko mlangoni, tulishaona. Nilitaka kwenda kumshika mkono, nimwambie sema mama, neno moja tu. Mjumbe akanizuia.

Mama aliupigapiga mkongojo chini. Ndahani mle shimoni akajifunua uso kuchungulia.

"Tatu," mama akasema.

Sikuwa nimelisikia jina lile kinywani kwake tangu niolewe.

"Tatu, Hamisi anakuja Jumamosi kunichukua. Nikifia Mwanza nitaoshwa na watu wasionijua."

Bi Tatu akautupa ungo chini. Mikono yake ilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko. 

"Na mimi?" akasema, tena kwa hasira. "Na mimi umefikiria nitaoshwa na nani?"

"Basi pitisha bomba."

"Hata salamu hujanipa!"

Mama akahamisha mkongojo mkono mwingine. "Mwangaluka, Tatu."

"Mwangaluka."

Halafu Bi Tatu akajifuta macho kwa kiganja, akajipaka majivu uso mzima. Akainama shimoni. "Wewe maiti, amka. Ukivuruga mchaichai wangu nakuzika kweli."

Baadaye nilimuuliza mama lile neno la kuoshwa. Akaniambia walipokuwa wasichana wa ndoa changa, rafiki yao mmoja alikufa kwa uzazi. Wao wawili ndio waliosaidia kumwosha, mara yao ya kwanza kugusa maiti. Walipomaliza wakaenda pale kwenye bomba la mtaa kunawa, na wakaahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, kwa mkono unaomjua. Mama alikuwa anaogopa hilo kuliko Mwanza yenyewe. Hakuwahi kutuambia. Sisi tulikuwa tunagombania choo cha ndani.

Samahani, nilikuwa na mteja. Naendelea.

Kazi ilianza upya na kasi ya ajabu. Vijana wa mtaa walishika majembe bila kuombwa. Bi Tatu alikaa kwenye kigoda anasimamia: hapa pindisha, huo ni mgagani, hapo chimba zaidi, watoto watalikanyaga. Mama akaletewa kiti, akawekwa kando yake. Hawakuongea sana. Nilimsikia Bi Tatu anasema, "Umekonda," na mama anajibu, "Na wewe umenenepa." 

Mimi niliganda kumwangalia Ndahani. Walifunga valvu ya juu ya mtaa kwanza. Halafu akalisugua bomba kubwa likawa safi, akalivika kile kishikio wanakiita saddle clamp, kipande cha juu na kipande cha chini, vinalikumbatia bomba na mpira katikati, akakaza boliti kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, ili lisibane upande mmoja. Akatoboa. Akafunga koki yake pale, akazungushia tepu nyeupe, akaunga bomba dogo jeusi, likaanza safari ya kupita ua wa Bi Tatu. Likafika kwa mama, likapita kwenye mita, likasimama karibu na banda la jiko.

Majivu yalikuwa bado kichwani kwake. Hakujifuta mpaka kazi ilipoisha.

Valvu ya juu ikafunguliwa. Koki ya mama ikakohoa, ikatema hewa, ikatoa tope jekundu, halafu maji yakatoka meupe.

Mama hakupiga kigelegele safari hii. Aliweka mkono chini ya maji akauacha pale. Bi Tatu akaja akaweka wake. Nilitoka nikaenda kusimama uchochoroni.

Jumamosi Hamisi alikuja. Siti ya nyuma alikuwa ameweka mito na shuka, masikini, amejiandaa kumlaza mama. Akawakuta wale wawili uani wanagombana kwa sauti. Bi Tatu anadai koki imewekwa juu mno, mama anamwambia aende akaongoze uani kwake. Hamisi akachota kikombe, akanywa, akaniangalia. Akageuza gari kama alivyoahidi. Kabla hajaondoka alikwenda akapiga magoti mbele ya Bi Tatu kwa ajili ya ile catering, na Bi Tatu akamwacha magotini makusudi mpaka akaomba msaada wa kuinuka.

Ningeweza kumalizia hapo, uzi ungekuwa mtamu.

Ila nimeahidi kweli.

Walipata Ramadhani hiyo na nyingine. Watu waliniambia usingeweza kumkuta mmoja bila mwenzake. Walitoboa hadi mlango kwenye ule ukuta wa katikati ili wasizunguke. Nilikuwa nikipiga simu kwa mama, anapokea Bi Tatu.

Mwaka jana macho ya Bi Tatu yakaanza kuwa na ukungu. Binti yake akaja kumchukua, akampeleka Dar es Salaam atibiwe. Ilikuwa aende na kurudi. Binti akasema abaki kidogo. Kidogo ikawa mwezi, ikawa miezi. Binti naye simlaumu, anasema mama haoni vizuri, atasafirije njia yote hiyo, na huko Tabora atamwachia nani? Maneno yale yale ya Hamisi, neno kwa neno.

Wiki iliyopita nilikuwa Chemchem. Koki inatoa maji safi, presha nzuri. Mama amekaa kando yake anaosha mboga, na ule mlango wa ukutani uko wazi, upande wa pili majani yameota mpaka magotini. Nikamwambia mama tumshukuru Mungu, maji unayo.

Akasema, "Maji ninayo, Zena. Wa kumwambia sogeza ndoo yako, huyo ndiye sina."

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba mzee akikataa kuhama, msikimbilie kumhesabia vyumba. Muulizeni anaogopa kumwacha nani. Sisi tulidhani ni maji. Maji tuliyavuta kwa siku moja.

Wanaongea kwa simu kila jioni baada ya magharibi, mama anaweka loudspeaker mtaa mzima tunasikia. Siku ile nilimsikia Bi Tatu anasema, "Usije ukafa kabla sijarudi, nitakukasirikia." Mama akamjibu, "Na wewe hukohuko pwani jizuie." Wakacheka kile kicheko cha alfajiri, na mimi nikalala palepale mkekani kama mtoto.

Karibuni mchangie, hasa wenye wazazi waliobaki peke yao huko mikoani, mmefanyaje?

Na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Binti wa Bi Tatu amelainika. Amesema mama yake anaweza kurudi akipatikana mtu mzima wa kuaminika anayesafiri Dar kuja Tabora, wa kukaa naye siti moja na kumshika mkono kwenye kushuka na kupanda. Tiketi ya Bi Tatu ipo. Anaongea sana njiani, nawaonya mapema, na ukiwa Mgogo atakutesa.

Kama kuna anayekuja Tabora mwezi huu aje PM, mama anauliza kila siku nimempata nani.